Nyumba Bila Paa

Barabara ya kumi na mbili, Ngamiani.
Nyumba ya marehemu baba: vyumba sita, ukumbi, uani,
na choo ambacho mlango wake haujawahi kufunga vizuri.
Warithi tuko watatu, na Shangazi Mwanamkuu
ambaye hakuja kudai, alikuja kukaa.

Ramani ya mpima ilikuwa imelala kifudifudi kwenye karatasi,
miraba sita kama biskuti kwenye sinia.
Kombo akaitazama: "Hii nyumba, au matuta ya mchicha?"
Hizza akaigeuza juu chini. Haikumbadilikia.
Shangazi hakuigusa.

Nikatoa ubao wangu wa shule ya ufundi,
wenye duara la kikombe cha chai ya kidato cha pili,
na skwea iliyovunjika ncha.
Mwalimu Semkiwa, chaki imemjaa hadi kwenye nyusi, alituuliza:
"Kitu kina urefu, kina upana, kina kimo.
Karatasi ina mawili tu. La tatu mtalikopa wapi?"
Tukanyamaza.
"Mtaliiba kwenye pembe," akajijibu.

Basi nikaiba.
Nyuzi thelathini kwenda kulia, ukuta wa barabarani.
Nyuzi thelathini kwenda kushoto, ukuta wa upande wa kina Shekue.
Na wima, wima tu, kama timazi ya baba.
Pembe za vyumba, alizozinyoosha kwa kamba ya tatu, nne, tano,
kwangu zikalegea kama mkeka uliovutwa ncha moja.

Hizza akacheka: "Umeipinda nyumba ya watu!"
Nikampa rula.
Akapima ukuta wa mbele, sentimita saba.
Akapima wa nyuma kabisa, saba vilevile.
Akapima tena.
Jicho lilikuwa limedanganywa; rula, hapana.

Hilo ndilo nililolipenda tangu nina miaka kumi na sita:
kwamba cha mbali hakipungui.
Kamera ukiiweka barabarani
itamfanya aliye uani kuwa punje,
na reli ya Korogwe itaifinya mpaka ifungane.
Hapa mistari inakwenda sambamba,
haina miadi ya kukutana popote,
na jiko la nyuma, alimopikia mama miaka thelathini na mmoja,
halikunyang'anywa hata unywele
na baraza walikokaa wanaume.

Mgawo wangu naujua, nusu ya wa kaka.
Sikuubishia.
Penseli tu ndiyo niliyoigandamiza sawasawa, ukuta kwa ukuta.

Paa sikuliweka,
kila mtu achungulie anachokidai.
Yaliyofichika nikayatia vistari vya kukatika:
kisima kilichofukiwa,
mlango wa ubavuni uliozibwa kwa tofali
mwaka ule Kombo alipogombana na baba.
Kombo aliuona.
Akaufuata kwa ukucha, kistari, nafasi, kistari, nafasi,
akaomba maji ya kunywa.

Ndipo Shangazi akainama, miwani imefungwa kwa uzi.
Kidole chake kikaingia mlango wa mbele,
kikapita ukumbini polepole kama mtu aliyevua viatu,
kikasimama chumba cha tatu.
"Hapa nilimzaa Mwantumu. Kitanda kilikuwa huku."
Nikauliza kimo chake.
Akaonyesha kwa kiganja, juu kidogo ya goti.
Nikakichora, miguu minne, mmoja kwa vistari vya kukatika
kwa sababu hauonekani, lakini upo, na umebeba.

Bei ilitajwa baadaye, nisidanganye.
Dalali alikuwa nje, pikipiki yake hajaizima.
Lakini kabla ya hapo Shangazi alitazama dari,
akatazama karatasi, akasema:
"Rudisha paa, mwanangu. Kumetanda huko Raskazone,
kitanda kitalowa."

Nikachonga penseli.
Kenchi moja moja, kisha mabati.
Kila bati nililoliweka
likafunika chumba na kilichokuwamo.
Cha tatu nilikiacha mwisho.